Msaidie Ndugu Yako kwa Kumzuia Mkono

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. aliwaagiza Waislamu wamsaidie ndugu yao, awe ni mwenye kudhulumiwa au mwenye kudhulumu. Masahaba wakauliza dhalimu atasaidiwa vipi. Akawajulisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Lau mataifa yangelishika fundisho hili, damu nyingi isingalimwagika.

Itazame milima ya Darjeeling, kaskazini mwa jimbo la Bengal Magharibi, India. Wakazi wake wengi husema Kinepali, hali wengi wa jimbo husema Kibengali. Kwa miaka mingi wamedai jimbo lao wenyewe, Gorkhaland, ndani ya India. Kutaka lugha yako iheshimiwe si dhambi. Kurani Tukufu (30:23) inahesabu tofauti za lugha na rangi zetu kuwa miongoni mwa Ishara za Mwenyezi Mungu. Basi mtawala anayedharau lugha ya raia zake anadharau Ishara ya Mola wake.

Lakini dai hilo lilitafutwa kwa njia gani? Toka 1986 hadi 1988, katika harakati iliyoongozwa na Subhash Ghisingh, watu zaidi ya 1,200 walikufa. Kilichopatikana ni baraza la utawala wa milimani, wala jimbo halikupatikana. Mwaka 2017, serikali ya jimbo ilipotangaza kwamba Kibengali kitakuwa lazima mashuleni, moto ukawaka tena. Serikali ikaeleza kwamba lazima hiyo haitaihusu milima, lakini ghadhabu haina masikio. Maduka na shule zikafungwa kwa siku 104. Ofisi za serikali na vituo vya reli vikachomwa. Watu wakapoteza maisha. Mashamba ya chai yakaota magugu, na mchumaji aishiye kwa ujira wa kila siku akabaki mikono mitupu. Ni nani aliyeumia zaidi? Ni mtoto wa milimani aliyekosa shule, na mama yake aliyekosa chakula. Na jimbo halikupatikana vile vile.

Sasa linganisha. Mwaka 1992 Kinepali kiliingizwa katika katiba ya India miongoni mwa lugha zinazotambuliwa. Heshima hiyo ililetwa na hati za maombi, hoja na kura za bunge.

Huenda mtu akasema, ni rahisi kuhubiri subira kwa asiyeonja dhuluma. Sisi Waahmadiyya tumeionja. Mwaka 1984 sheria ya Pakistan ilitukataza kujiita Waislamu. Tarehe 28 Mei 2010 misikiti yetu miwili ya Lahore ilishambuliwa wakati wa Sala ya Ijumaa, wakauawa watu zaidi ya 80. Khalifa wetu akatuelekeza kwenye subira na dua, na Jumuiya haikulipiza kisasi. Kwani Kurani Tukufu (5:9) inatuonya kwamba uadui wa watu usituchukue hata tukaacha uadilifu.

Kwa hiyo, msomaji, siku watu wako watakapokuita kwa jina la kabila, lugha au mkoa, simama nao katika kudai haki. Lakini wakiokota mawe na viberiti, ishike mikono yao. Huo ndio msaada alioufundisha Mtume s.a.w., na asiyeutoa hajawapenda watu wake.

Mwenyezi Mungu awape watawala uadilifu na raia subira, na atujaalie tuwe wenye kuzima moto. Amin.