Msamaha Haufuti Haki

Ziko nyumba za Kikristu ambamo Baba Yetu husaliwa kila jioni, baba, mama na watoto wote wakipiga magoti, na kumbe ndugu yao wa damu akipita njiani hapana amwamkiaye. Ukiuliza chanzo, utaambiwa ni mpaka wa shamba, au mahari, au neno lililotamkwa matangani zamani. Ukiwashauri wapatane, jibu li tayari: "Nikimsamehe, itakuwa kana kwamba hakunikosea."

Jibu hilo lastahili kupimwa, kwani alitoaye si mtu mbaya daima. Ahofu kwamba msamaha utaifuta haki yake. Tena wapo wasuluhishi wanaomzidishia hofu, wakimharakisha kusema "yamekwisha" kabla kosa halijatajwa kwa jina lake.

Tumtazame Assunta Goretti, mjane wa Italia, aliyekaa nyumba moja na jamaa nyingine ya wakulima. Tarehe 5 Julai 1902, kijana wa jamaa ile, Alessandro Serenelli, mwenye umri wa miaka 20, alitaka kumnajisi binti yake Maria, wa miaka 11. Maria alipokataa, alimchoma kisu mara 14. Kesho yake binti alifariki hospitalini mjini Nettuno, akiwa amekwisha kumsamehe muuaji wake. Wengi humsifu binti, na ni haki. Lakini mzigo wa mama, kwa maoni yetu, ulikuwa mrefu zaidi. Maria alisamehe katika saa chache zilizomsalia. Assunta alibaki na pengo lile miaka na miaka.

Hapana aliyesema kosa lile ni dogo. Alessandro alihukumiwa kifungo cha miaka 30, akakaa gerezani miaka 27. Baada ya kufunguliwa mwaka 1929, alimwendea Assunta kuomba radhi. Mama yule aliona kwamba, ikiwa mwanawe amekwisha kusamehe, yeye hawezi kukataa. Wakaenda kanisani pamoja, wakapokea Komunyo Takatifu. Tarehe 24 Juni 1950, Papa Pio XII alipomtangaza Maria kuwa mtakatifu, mama yake alikuwapo.

Angalieni basi: msamaha wa Maria haukumfungulia Alessandro mlango wa gereza, wala gereza halikuupunguza msamaha ule. Aliyenyang'anywa shamba aweza kwenda barazani kudai mpaka wake, na asubuhi ya siku ile ile akamwombea nduguye heri. Kilichokatazwa ni kumtakia maangamizi, kufurahi mtoto wake akiugua, na kuwarithisha watoto ugomvi wasioujua chanzo chake. Hili la mwisho ndilo baya kupita yote. Mtoto hajajua kusoma, naye amekwisha kufundishwa kumchukia shangazi yake!

Na moyo ukizidi kuuma? Uchungu hautii amri kama mkono utiivyo, nia hutii. Mtu aweza leo kumtaja mkosaji wake katika sala, ingawa bado hawezi kumtazama usoni. Juma lijalo aweza kuitikia salamu yake mlangoni pa kanisa, bila kuongeza neno. Na akishindwa hata hilo, amtume yule mtoto apeleke chane ya ndizi kwa shangazi yake.