Je, Mkunjo wa Uso ni Kosa?

Yamkini msomaji atashangaa kuona jarida la walimu wa Kiswahili likijishughulisha na upasuaji wa urembo. Jambo hilo lina mabingwa wake, nasi si miongoni mwao. Lakini kila taaluma husema na watu kwa maneno, na maneno ndiyo shamba letu. Katika lugha ya madaktari wa urembo wa Marekani limo neno ambalo mwalimu hulitumia kila siku, kalamu nyekundu mkononi: kusahihisha. Madaktari hao husema kwamba wanasahihisha mikunjo ya uso. Nasi twauliza: kosa liko wapi?

Mikunjo tunayoizungumzia ni ile miwili inayoteremka kutoka pembeni mwa pua hadi karibu na pembe za kinywa. Kila mtu anayo, hata kijana, ila katika ujana huonekana zaidi mtu anapocheka. Umri uendapo, ngozi hupoteza uimara wake, mafuta ya shavu huteremka, na hata mfupa wa taya la juu hupungua. Jua kali na tumbaku huharakisha mambo. Basi mkunjo uliokuwa mgeni wa kicheko huwa mkaazi wa kudumu.

Njia za kuulainisha zimekuwa nyingi. Mwaka 1981 Marekani iliidhinisha sindano ya kolajeni iliyotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Mgonjwa alichomwa kwanza kidogo mkononi, kisha akaangaliwa kwa muda wa wiki nne, isije mwili wake ukaikataa. Mwishoni mwa 2003 ikaidhinishwa jeli ya asidi ya haiyaluroniki, kwa jina la biashara Restylane. Hiyo hudumu miezi sita hivi, pengine mwaka au zaidi, kisha humezwa na mwili. Wako pia wanaochagua vipandikizi vya kudumu: vipande vya silikoni, au vya plastiki yenye vitundu vidogo mno, jamii ya Tefloni, ambayo hutumiwa vilevile kutengeneza mishipa bandia ya damu. Daktari hutia ganzi, hupasua kidogo ndani ya mdomo au kando ya pua, na kukiingiza kipande chini ya ngozi au juu ya mfupa.

Maswali ya wagonjwa kuhusu kazi hiyo hayatofautiani sana. Je, inauma? Nitavimba siku ngapi? Je, kipandikizi chaweza kuondolewa? Ndiyo, chaweza, ingawa kile ambacho nyama imeota katika vitundu vyake hutoka kwa taabu kuliko kile kilicho laini. Chaweza pia kuhama, kutunga usaha, au kuchomoza katika ngozi. Sindano nayo, mara chache sana, huingia katika mshipa wa damu ikaua sehemu ya ngozi, au hata kupofusha jicho. Mtu mwenye akili lazima aulize hayo, na daktari asiyeyajibu kwa ukamilifu hafai kushika kisu.

Swali lililotusimamisha sisi ni jingine: Je, watu watajua?

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kuhukumu. Twasema: tazama, anataka kudanganya! Urembo wetu wa jadi, hoja huendelea, haukujificha. Mwanamke aliyepakwa hina alitaka hina yake ionekane. Aliyetia wanja hakudai kwamba alizaliwa nao. Huyu wa kipandikizi ataka sifa ya ujana bila mtu kujua ilikotoka. Hoja hii ina nguvu, lakini hatuikubali. Mwenye jino la bandia hamwambii kila amwonaye, wala hatumwiti mwongo. Mwenye kupaka mvi zake rangi nyeusi twaketi naye barazani bila kinyongo. Kunyamaza juu ya mwili wako si kusema uongo. Uongo wahitaji mtu mwenye haki ya kuambiwa, na mpita njia hana haki ya kujua miaka yetu.

Basi kama si udanganyifu, nini kinachotukera? Turudi kwenye lile neno. Madaktari hao wana vipimo vya kukadiria mikunjo kwa daraja, kuanzia isiyoonekana hadi ile ya kupindukia, na katika kuidhinisha dawa hizi hutajwa mikunjo ya wastani na ile mikali. Mkali! Hivyo ndivyo tusemavyo juu ya homa na maumivu. Mtu huingia kwa daktari akiwa na uso, akatoka akiwa na daraja. Mwalimu anaposahihisha insha ana kanuni mbele yake, na mwanafunzi aweza kuuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" akaonyeshwa. Mwenye mkunjo akiuliza, ataonyeshwa kanuni gani, ila uso wake mwenyewe wa miaka ishirini iliyopita?

Lugha yetu ina mwono mwingine. Mwenye hasira twasema amekunja uso. Mwenye furaha ameukunjua, na mtu wa kukaribisha wageni kwa moyo huitwa mkunjufu. Ajabu ni kwamba anayeukunjua uso kwa tabasamu ndiye anayeukunja hapo kando ya pua, kwa kuwa misuli inayoinua mdomo huvuta ngozi ya mahali hapo. Tena daktari anayemchunguza mtu anayeshukiwa kupata kiharusi hutazama mikunjo hiyohiyo: upande uliopooza hulainika, mkunjo ukafifia au ukatoweka. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha hospitali mkunjo ni kasoro, na katika chumba cha pili kukosekana kwake ndiyo dalili ya ugonjwa.

Tungeishia hapo, tungekuwa tumewatendea haki nusu tu ya watu. Iko dawa nyingine ya sindano, iitwayo Sculptra. Marekani iliiidhinisha mwaka 2004 kwa ajili ya watu wenye virusi vya UKIMWI ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Stavudini, dawa iliyookoa maisha ya wengi katika nchi zetu, iliwanyonya wengi mafuta ya uso, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Mtu aliyekuwa amepata nafuu, mwenye nguvu za kulima na kufundisha, alibeba usoni tangazo la siri yake, na kila aliyemtazama sokoni alidhani ameisoma. Mtu wa namna hiyo akiuliza, "Je, watu watajua?" nani kati yetu atamwita mwenye majivuno? Uso wake ulikuwa umemsema bila idhini yake.

Mwaka huohuo wa 2009 dawa hiyo hiyo, Sculptra, iliidhinishwa Marekani kwa watu wenye afya, kwa mikunjo ya kando ya pua. Dawa ni moja, na sindano ni moja. Hatuwezi basi kusema kwamba ubaya umo katika dawa au katika sindano, wala katika kutaka kuficha. Tofauti twaiona hapa: wa kwanza aliondolewa kitu na dawa, akataka arudishiwe, wa pili hakuondolewa kitu na yeyote, bali aliambiwa kwamba anapungukiwa. Nasi hatumlaumu huyo wa pili. Pengine yuko kazini mahali ambapo mwenye uso wa miaka hamsini huondolewa wa kwanza, na hakuna chama kitakachomtetea. Lawama yetu ni juu ya yule aliyempa daraja kisha akamwuzia dawa ya daraja hilo. Mwalimu wa namna hiyo, anayetunga makosa ili apate kulipwa kwa kuyasahihisha, angefukuzwa shuleni.

Wanafunzi wetu wa tafsiri watakutana na maandishi haya zaidi na zaidi, maana hospitali na wauzaji hawakosi kuandika. Kwa kazi hiyo twapendekeza waandike "kulainisha mikunjo" au "kujaza", maneno yanayosema kitendo bila kumhukumu mtu, na "kusahihisha" tuliache kwenye madaftari. Mwenzetu mmoja ametupinga: mfasiri, asema, hana ruhusa ya kuwa mpole kuliko mwandishi, na kama daktari ameuita mkunjo kosa, msomaji wa Kiswahili naye ana haki ya kusikia kwamba ameitwa hivyo. Pingamizi hilo ni zito, na kurasa za jarida ziko wazi kwa walimu wenye la kusema juu yake.