Kisanduku cha Lugha ya Kwanza

Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa sita, na tano za mwanzo baba alizijaza bila kuinua kichwa. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, mzio wa karanga, nani apigiwe simu wazazi wasipopatikana. Ukurasa wa sita ukamkwamisha. Kulikuwa na kisanduku kidogo kilichouliza lugha ya kwanza ya mwanafunzi, na kalamu ikabaki inaning'inia juu yake.

Mezani, nyumbani kwao Mbezi Beach, kulikuwa na chupa ya chai, vipeperushi vya shule tatu na simu iliyofunguliwa kwenye kikokotoo. Mama alikuwa na shule yake moyoni, baba na yake. Babu, aliyekuja kutoka Tanga kutolewa mtoto wa jicho, alikuwa kochini na bandeji jicho moja, akisikiliza. Mwenye kwenda shule, binti wa miaka 13, alikuwa chumbani na visikizio masikioni. Mashauri yalikuwa yameingia wiki ya tatu na hakuna aliyekuwa amemwuliza maoni yake.

Shule za kimataifa hazikuanzishwa kwa ajili ya meza kama hii. Ile ya Geneva, ambayo nyingine nyingi zilifuata nyayo zake, ilifunguliwa mwaka 1924 kwa watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Dar es Salaam ilipata International School of Tanganyika mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, mji ulipokuwa unajaa mabalozi na wataalamu. Moshi ikafuata mwaka 1969, kwa watoto wa madaktari na wafanyakazi waliokuja kwa ajili ya hospitali ya KCMC. Shule hiyo tangu 2019 inaitwa UWC East Africa. Wazazi wa watoto hao walikuwa watu wa mikataba: miaka mitatu hapa, minne Manila, halafu nyumbani au kwingine. Tatizo lao lilikuwa moja, nalo ni cheti. Mtoto aliyesoma nchi nne, chuo kikuu cha kwao kitampokea kwa kipimo gani? Jibu lilitoka Geneva hiyo hiyo mwaka 1968, likaitwa International Baccalaureate, IB kwa kifupi.

Yaani mfumo mzima ulibuniwa kwa ajili ya mtoto atakayeondoka. Leo kwenye dawati lake anakaa pia mtoto wa Mbezi Beach, Njiro au Nyali, ambaye baba yake hana mkataba wa kwenda popote, na ambaye Krismasi au Idi atapanda basi kwenda kwa babu.

Ada haina haja ya maneno mengi. Kwa madarasa ya juu zipo shule zinazopita dola 20,000 kwa mwaka. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini Tanzania, kwa hiyo tarakimu sasa zimevaa shilingi, lakini mzazi anayelipa anajua dola iko chini ya shati. Kisha kuna ada ya maombi isiyorudishwa, mchango wa majengo, basi, kompyuta mpakato, ada ya mitihani. Kikokotoo cha baba kilikuwa hakijafika kwenye sare.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalichunguzi ni neno lenyewe. "Kimataifa" halina mwenyewe; mtu akiwa na rangi na ukuta anaweza kuliandika. Jengo la kupangisha lenye bendera kumi getini linaweza kuwa kituo halali cha mitihani ya Cambridge, na jengo la kifahari lenye bwawa la kuogelea linaweza kuwa bado liko kwenye foleni ya kuidhinishwa. IB, kwa mfano, inatofautisha shule iliyoidhinishwa na ile ambayo bado ni mwombaji, na mwombaji hawezi kumpa mtoto diploma hata awe na maktaba ya vioo. Orodha ya shule zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti yao. Kuisoma kunachukua dakika tano. Watu wanaokagua gari la mtumba kutoka Japani hadi namba ya injini wanaruka dakika hizo tano.

Ukishapita hapo, tofauti kubwa ni mtihani wa mwisho. Njia ya Cambridge huanza na IGCSE, kozi ya miaka miwili ambayo mtihani wake wa kwanza ulifanyika 1988, kisha A-level, kwa kawaida masomo matatu. Mtu aliyesoma kidato cha tano na sita hapa ataitambua mara moja: ni kombi, ule mchepuo wa masomo matatu, PCB au HGE iliyobadili koti. IB inakataa kombi. Mwanafunzi anabeba masomo sita, angalau matatu kwa ngazi ya juu. Anayetaka udaktari bado anasoma fasihi, na mpenda fasihi hakwepi hesabu. Juu ya hayo kuna insha ya utafiti yenye hadi maneno 4,000, somo la kujiuliza maarifa yanatoka wapi, na shughuli za kujitolea. Mtoto mwenye kipaji kimoja kikali anaweza kuteseka humo. Anayependa kila kitu atastawi. Na kwa yeyote yule, kumhamisha katikati ya kozi ya miaka miwili ni kung'oa mche uliokwisha kushika.

Hata hesabu za ushindi zinapishana. Kidato cha nne cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, masomo saba bora hujumlishwa na A ni pointi 1, hivyo pointi 7 ndiyo kilele, divisheni wani ya kuchinjiwa mbuzi. Pointi zikiongezeka, mambo yanaharibika. Ukifika 24 uko divisheni thrii. IB imegeuza ngazi juu chini: 7 ni alama ya juu ya somo moja, jumla ya juu kabisa ni 45, na 24 ndicho kizingiti cha chini cha kupata diploma. Bibi wa Morogoro akipigiwa simu kwamba mjukuu kapata 38, atauliza taratibu kama mtoto ataruhusiwa kurisiti.

Njia ya Cambridge ilipotajwa mezani, ndipo babu aliposema kitu cha kwanza jioni ile. Alimwomba mkwewe amletee mkoba wake, akatoa bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kulikuwa na cheti kilichokunjwa mara mbili, kimepasuka kwenye mkunjo na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Kimeandikwa Cambridge. Mwaka ni 1964.

"Mnalipa milioni hizo zote," akasema, "mpate hiki?"

Mzee alikuwa na haki ya kucheka. Kizazi chake kilifanya mtihani wa Cambridge kwa sababu hapakuwa na mwingine. Karatasi za majibu zilisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Mwaka 1967 Afrika Mashariki ikaunda baraza lake la mitihani, Tanzania ikajitoa humo 1971, na sheria ya 1973 ikazaa NECTA. Nchi ilihangaika miaka kadhaa kuutoa mtihani ule mlangoni. Babu akafanya Cambridge, mwanawe akafanya NECTA, na sasa mjukuu anarudishwa Cambridge kwa gharama ya kiwanja. Si kwamba wazazi ni wajinga. Wanatafuta cheti kitakachopokelewa Toronto, na cha NECTA wanahofu kitaulizwa maswali. Wanachosahau ni kwamba daraja lina ncha mbili: binti akitaka kusoma chuo kikuu hapa hapa, Muhimbili au Mlimani, ni cheti chake cha nje ndicho kitakachopelekwa NECTA kulinganishwa na vya ndani. Swali hilo huulizwa mwishoni, foleni ya udahili ikiwa imeshafika mlangoni. Lingepaswa kuulizwa siku ya kuchukua fomu.

Mama ndiye aliyezungukia shule zote tatu, binti akiwa nyuma yake. Alikwenda na orodha ya maswali ya kawaida: maabara, ulinzi, matokeo. Swali lililomfungua macho halikuwa kwenye orodha, lilimtoka tu. Kiswahili mnafundisha?

Shule ya kwanza walimjibu kwa furaha kwamba ndiyo, Ijumaa, kipindi kimoja, watoto wanajifunza salamu na nyimbo. Binti akacheka puani. Shule ya tatu, mwalimu hakujibu, aliinuka akafungua kabati. Kulikuwa na Shaaban Robert, kulikuwa na Said Ahmed Mohamed, na nakala nne za *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, kingo zimechakaa kwa kushikwa, moja imepoteza jalada. Akaeleza kwamba katika IB Kiswahili kinaweza kukaa ncha mbili: kozi ya anayeanza sifuri, iliyotengenezwa kwa mgeni, au kozi ya fasihi kwa mwenye lugha yake. Anayefaulu lugha mbili kwa ngazi ya fasihi hupewa diploma ya lugha mbili. Na shule isiyo na mwalimu wa lugha fulani inaruhusiwa kumsimamia mwanafunzi aisome fasihi hiyo mwenyewe, kwa hiyo anayesema haiwezekani hajauliza. Hata Cambridge inao mtihani wa Kiswahili kwa IGCSE.

Sasa kisanduku cha ukurasa wa sita kinapata uzito. Shule inaweza kukitumia kupanga mtoto asome lugha gani kwa ngazi gani, na mzazi anayeandika "Kiingereza" ili mwanawe aonekane mwepesi wa kupokelewa anaweza kuwa ametia sahihi, bila kujua, kwamba Kiswahili kwake ni lugha ya kujifunza kama Kihispania. Miaka mitano baadaye ana kijana anayejua Kiswahili cha kuagiza chipsi mayai na kupatana na bodaboda, lakini akisimamishwa msibani aseme neno kwa niaba ya familia, anatafuta wa kumsemea. Si kosa la shule za kimataifa peke yao, tuseme kweli. Inglishi midiamu ngapi zina kibao ukutani kinachokataza Kiswahili uwanjani, zikilipwa ada na Waswahili? Afadhali basi ile yenye kipindi kimoja cha Ijumaa. (Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza 2021, huangukia Julai 7. Shule zinazofuata kalenda ya Agosti hadi Juni siku hiyo ziko likizo.)

Babu, jicho lake moja likiwa gizani, aliita mjukuu aje amsomee kipeperushi. Binti akatoka, visikizio shingoni, akaketi kwenye mkono wa kochi. Kipeperushi kilikuwa cha Kiingereza. Yeye akakisoma kimoyomoyo na kukitoa mdomoni kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, bila kusimama, kama anayepiga hadithi. Alikwama mahali pamoja tu.

"Hapa wanasema wanamlea mtoto mzima, babu. Mzima mzima."

"Kwani hao wengine walea nusu?"

Mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Baba hakucheka, alikuwa anamtazama binti. Akaivuta fomu, akaandika kwenye kisanduku neno moja, na kwa kuwa kisanduku kilikuwa kidogo akalazimika kulibana.

"Na wewe," babu akauliza, "wataka ipi?"

"Ile yenye kabati." Akafikiri kidogo. "Ila chakula chao kibaya."

"Kibaya vipi?" akauliza baba.

"Wali una kiini."

Babu akasema hilo si jambo dogo, na mama akaongeza wali kwenye orodha ya maswali ya Jumatatu.