Kumchana Paka: Ni Anasa au Ni Haki?

Huenda msomaji wetu akastaajabu kuona kijarida cha darsa kikizungumza habari za paka, na tena si paka mwenyewe bali manyoya yake. Atasema: "Je, mambo ya maana yamekwisha?" Twamwomba asubiri kidogo. Swali dogo mara nyingi hufichua ugonjwa mkubwa. Na swali hili lilitufikia sisi wenyewe, tukalijibu mbele za watu, na jawabu letu likaleta madhara. Basi yatupasa kulirudia mbele za watu vilevile.

Mambo yalikuwa hivi. Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, mmoja wa ndugu zetu wa darsa alileta mashtaka juu ya binti yake. Mjomba wa binti huyo alimpa paka wa Kiajemi, mweupe, mwenye manyoya marefu, naye kila jioni hukaa naye barazani kadiri ya robo saa akimchana kwa kitana. Baba akauliza: "Je, huku si kupoteza wakati? Paka wa mitaani, nani awachanaye?" Mimi ndiye niliyekuwa nikisomesha siku ile, wala sikufikiri sana. Nilisema kwamba Mwenyezi Mungu amempa paka ulimi wa kujisafishia, na kwamba kumchana ni katika anasa ambazo watu wameziiga tu. Heri binti ashughulike na kitabu chake. Watu wakaridhika, tukaendelea na somo. Baba akaifikisha fatwa yangu nyumbani.

Haukupita muda yule binti akaenda kusoma katika shule ya bweni. Aliporudi likizo alinijia pamoja na mamake, akasema: "Maalim, nakuomba uje umtazame paka." Nikaenda. Tulimkuta chini ya kitanda, hataki kuguswa. Manyoya yake ya nyuma ya masikio, ya kwapani, ya tumboni na ya chini ya mkia yalikuwa yamesongana yakawa kitu kimoja, kama kipande cha zulia kuukuu, na kila alipoinua mguu ngozi yake ilivutwa. Mtu mmoja wa nyumbani alikuwa amejaribu kulikata fundo moja kwa mkasi, akamkata na ngozi. Daktari wa wanyama hakuwa na njia ila kumlaza kwa dawa ya usingizi na kumnyoa, na chini ya manyoya yale palionekana vidonda. Binti hakunilaumu. Alisema tu: "Nilikwambiwa, Maalim, ulimi wake wamtosha." Sijapata kusikia lawama kali kuliko hiyo.

Nimejiuliza tangu siku ile: kosa langu lilikuwa wapi? Sikusema uongo. Nilichukua neno la kweli nikaliweka mahali pasipo pake. Ni kweli kwamba ulimi wa paka ni katika maajabu ya uumbaji. Umejaa miiba midogo migumu iliyopinda kuelekea nyuma, na ncha ya kila mwiba ina kijishimo kinachochukua mate na kuyafikisha ndani ya manyoya. Watafiti wa Marekani walilieleza jambo hili kwa vipimo katika mwaka 2018. Paka wetu wa Lamu na Mombasa, mwenye manyoya mafupi, hujisafisha kwa ulimi huo barabara, wala hahitaji kitana cha mtu. Lakini watafiti wale wale waliona kwamba manyoya ya paka wa Kiajemi yamepita kipimo: ulimi haufiki kwenye ngozi. Basi kumwambia paka huyu ajitosheleze kwa ulimi wake ni sawa na kumpa mtu ndoo yenye kamba fupi, kisha ukamwambia ateke maji katika kisima kirefu.

Na urefu huo umetoka wapi? Paka wote wa majumbani asili yao ni paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, na manyoya yake ni mafupi. Urefu huja kwa badiliko dogo katika urithi wa mwili, na mtoto hawi na manyoya marefu mpaka alirithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama pamoja. Binadamu alipoyaona manyoya hayo yalimpendeza, akawapandisha wenye manyoya marefu kwa wenye manyoya marefu. Msafiri wa Kitaliana, Pietro Della Valle, aliwaona paka wa namna hii katika Uajemi mwanzoni mwa karne ya 17, akatamani kuwa nao kwao. Katika mwaka 1871 yalifanywa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace mjini London, na katika zama zilizofuata hamu ya kushinda ikazidi kuyakuza manyoya hayo kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo manyoya ya paka yule wa barazani hayakurefuka kwa haja yake yeye. Yamerefuka kwa haja ya macho yetu.

Hapa ndipo hukumu inapogeuka. Lau paka angeyataka manyoya hayo mwenyewe, tungeweza kusema: shauri lake. Lakini sisi ndio tuliotaka uzuri, na yeye ndiye aliyetwishwa uzito. Basi kitana si hisani tunayomfanyia, wala si anasa. Ni deni. Mwenye kuutaka urefu ndiye mdaiwa wa kuuchana.

Kila mmoja wetu aijua hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Tuizingatie vema. Kosa la mwanamke yule halikuwa kwamba hakuwa na mali, wala kwamba hakumpenda paka. Kosa lake ni kwamba alimfunga, kisha hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia. Yaani alimnyang'anya uwezo wake, naye asisimame mahali pa uwezo huo. Nasi je? Paka wa manyoya marefu hakufungwa kwa kamba wala kwa mlango. Amefungwa ndani ya manyoya yake mwenyewe, na aliyemfunga ni binadamu. Akiachwa bila kuchanwa, amefungwa wala hakuhudumiwa.

Wala hatuna haja, ili kulithibitisha hili, ya kukimbilia maneno yasiyo na asili. Kuna usemi ulioenea kwamba kupenda paka ni katika imani, nao wataalamu wa hadithi wameuhesabu kuwa ni wa kuzuliwa. Kuna na kisa cha kukatwa mkono wa nguo ili paka asiamshwe, nacho hakina msingi katika vitabu vya hadithi vitegemewavyo. Yaliyo sahihi yatutosha: kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani, kama ilivyokuja katika hadithi ya Abu Qatada; na kwamba mwenye kumfunga mnyama ataulizwa habari zake.

Mtu atasema: "Watu wana njaa, nanyi mwazungumza manyoya ya paka?" Hili ni neno zito, wala hatulidharau. Mwenye kumnunulia paka mto wa hariri na jirani yake amelala na njaa ana la kujibu. Lakini kitana hakimnyimi jirani chakula. Kinachotakiwa ni dakika kumi, na dakika hizo aghalabu hatukuwa tukimpa jirani. Twazipoteza katika porojo. Na tena, aliyezoea kuyapita maumivu madogo yaliyo chini ya kitanda chake hatujui ni wapi atakapojifunza kuyaona makubwa.

Basi twasema hivi. Kwanza, asiyekuwa na nafasi ya kuchana kila siku, au karibu ya kila siku, asimlete nyumbani paka wa namna hii, wala asimtoe zawadi kwa mtu bila kumuuliza. Paka wa kienyeji ni wengi, na wazuri. Pili, aliye naye ajifunze kazi yenyewe. Umchukue akiwa ametulia, umweke juu ya kitambaa, uanzie pale apendapo kuguswa, mashavuni na chini ya kidevu. Tumia kwanza kitana cha chuma chenye meno mapana, kisha chenye meno ya karibu. Anzia nchani mwa manyoya urudi shinani, nawe umeyashika shina kwa vidole ili ngozi isivutwe. Fundo dogo ulinyunyizie wanga wa mahindi, ulifumue kwa vidole. Mkasi usiutumie kabisa: ngozi ya paka ni nyembamba, nayo huinuka pamoja na fundo, na mkataji hatambui mpaka damu itoke. Wala usimwoshe kabla ya kufumua, kwani maji huyakaza mafundo. Usimtie dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa sababu ile yenye permethrini humuua paka. Akichoka, mwache, dakika kumi kila siku ni bora kuliko vita vya saa nzima mara moja kwa mwezi.

Tatu, fundo likishashikamana na ngozi, apelekwe kwa daktari anyolewe, na mwenye paka asione haya kwamba uzuri umeondoka. Uzuri ulikuwa wetu. Raha ni yake. Nne, deni hili halisafiri na mtu. Binti alipokwenda shule, kitana kilibaki nyumbani, na waliobaki nacho ndio waliodaiwa. Ni ajabu kwamba wageni walipokuja, wote walisema "paka wetu". Na wakati wa kuchana akawa "paka wake".

Na kwa kuwa wengi wataliuliza, twaongeza: wanavyuoni wamekhitilafiana katika manyoya yang'okayo kwa mnyama asiyeliwa. Katika madhehebu ya Shafi, machache yanayoshika nguoni husamehewa. Kwa hiyo mchanie paka juu ya kitambaa mbali na mswala, ukung'ute nguo, usali. Usifanye jambo hili kuwa udhuru wa kuacha haki.

Manyoya ya paka yule yameota tena. Binti akiwa shuleni, amchanaye sasa ni baba yake, yule yule aliyeleta mashtaka. Baadhi ya siku huchelewa kufika darsani, na kanzu yake haikosi unywele mweupe mmoja au miwili. Hatumlaumu, nami ndiye wa mwisho wa kumlaumu.

Ewe ndugu msomaji, huenda wewe huna paka. Lakini tazama nyumbani mwako: ni kitu gani ulichokitaka kwa uzuri wake, ukamwachia mwingine taabu yake? Ukikiona, chukua kitana.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.