"Hukuniuliza"

Mwaka uliopita, wakati wa masika, ofisi yetu ilitengenezewa meza kubwa ya mninga. Fundi aliifanya kazi yake vema: viungo vilishikana barabara, na uso wa meza ulipigwa randa hata ukawa laini kama kioo. Lakini kiangazi kilipofika mbao za juu zilianza kuachana, na leo sarafu ikiwekwa mezani yaweza kupotea katika ufa. Tulimwita fundi, naye akatupeleka kwa mwenye mashine ya kupasua magogo aliyemwuzia mbao zile. Bwana yule hakukana neno lo lote. Alikiri kwamba gogo lilipasuliwa majuma machache tu kabla ya kuuzwa. Kisha akamgeukia fundi akasema, "Lakini wewe hukuniuliza."

Neno hilo limetukaa moyoni kuliko hasara ya meza. Je, mtu anyamazaye juu ya ila ya mali yake amedanganya? Au ametumia tu haki yake ya kutosema asiloulizwa?

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani kilichofichwa. Mti uliokatwa sasa hivi una maji ya namna mbili: yaliyo huru katika matundu madogo ya mti, na yaliyonywewa na kuta za matundu hayo. Yale ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Unyevu ushukapo chini ya sehemu 30 hivi kwa 100 za uzito wa mti mkavu, ndipo ubao huanza kusinyaa. Tena hausinyai sawasawa: kwa kufuata mviringo wa mti husinyaa karibu mara mbili kuliko kuelekea kiini, na hiyo ni sababu moja kubwa ya mbao kujikunja. Hata mninga, unaosifiwa kwa utulivu wake, hauna budi kupewa muda.

Muda huo si mfupi. Mafundi wa nchi nyingi wana kadirio la kale la mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene, kama mbao zinakaushwa kwa hewa. Ni lazima zipangwe juu ya magogo, mbali na ardhi, chini ya paa; kati ya tabaka na tabaka viwekwe vijiti ili upepo upite, na ncha zipakwe rangi zisipasuke. Tanuri la kukaushia hufupisha miezi ikawa majuma, lakini tanuri nalo lina gharama yake. Basi, anunuaye ubao mkavu hanunui mti peke yake. Ananunua na wakati ambao mwingine alingoja kwa niaba yake. Naye auzaye ubao mbichi kwa bei ya mkavu anauza miaka ambayo hakuingoja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichungua jambo la namna hii katika karne ya 13. Alifundisha kwamba ila ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, mwuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu bei imepunguzwa kwa haki. Lakini ila ikiwa imefichika, nayo yaweza kumtia mnunuzi hasara au hatari, mwuzaji akinyamaza ametenda udanganyifu, na ana deni la kulipa hasara hiyo.

Je, ubichi wa ubao ni ila ya wazi au ya siri? Twaona kwamba jibu hutegemea ni nani autazamaye. Fundi aweza kuutambua kwa uzito na kwa ubaridi wa ubao mkononi, na siku hizi kuna kifaa kidogo chenye sindano mbili kipimacho unyevu. Kwa hiyo fundi wetu naye hakukosa lawama. Alipaswa kuuliza na kupima. Lakini mama aliyeweka akiba ili anunue mlango wa nyumba yake ataona nini? Ubao mbichi uliokauka juujuu tu huonekana sawa na ubao mkavu hata moyoni. Kwake yeye ila hiyo imefichika kabisa, na hawezi kuuliza asilolijua. Basi, kumwambia "hukuniuliza" ni kuugeuza ujinga wake kuwa kosa lake. Wajibu wa kusema huenda pamoja na ujuzi: ajuaye zaidi ndiye wa kusema kwanza. Na fundi aliyeupokea mlango huo kwa kazi asimfukuze mama yule aende kwa mpasuaji. Amlipe yeye, kisha adai haki yake huko alikodanganywa.

Mwenye mashine atatujibu: "Nina mshahara wa vibarua, nina ada za watoto. Nitawezaje kuziacha fedha zangu zilale mwaka mzima chini ya paa?" Jibu hili si la kudharauliwa. Lakini hakuna aliyemkataza kuuza mbao mbichi. Kuuza mbichi si dhambi. Dhambi ni kuuza mbichi kwa jina la kavu. Aandike juu ya rundo tarehe ya kupasuliwa, aweke bei mbili, kila mtu achague.

Na hapo sisi wanunuzi twapatikana na hatia. Mara ngapi tumeonyeshwa bei mbili tukakimbilia ile ndogo, kisha tukadai mlango uwe umekwisha Jumamosi? Aliyengoja mwaka mzima twamwambia bei yake ni ya wizi. Tukikataa kulipia subira, tusishangae wauzaji wakiacha kusubiri. Mwenye nia ya kujenga mwakani aweza kununua mbao mbichi leo kwa bei nafuu na kuzipanga mwenyewe uani. Maskini naye ana wakati, hata kama hana fedha nyingi.

Hii ndiyo faida ya kununua kwa mpasuaji wa karibu. Mnunuzi aweza kwenda, kuliona rundo, kuuliza lilipasuliwa lini, na kurudi mwakani akiwa na mlango uliotulia au na malalamiko. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ubao hauwezi kujisemea siku ya kuuzwa. Husema baadaye, kiangazi, nyumbani mwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo yampasa mwenye nao auseme mapema, ajapokuwa hakuulizwa.