Timotheo Mgonjwa Aitwa Rumi

2 Timotheo 4:9–21

Timotheo hakuwa mtu wa afya njema. Katika 1 Timotheo 5:23 Paulo anamshauri atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo na maradhi yanayomrudia. Mtu huyohuyo, katika waraka wa pili, anaitwa Rumi: afike kabla ya baridi, na joho lililobaki Troa aje nalo. Paulo hafuti mwito kwa sababu ya tumbo, wala haahidi kwamba tumbo litapona njiani. Masasi nayo imepokea msafiri wa aina hii. Trevor Huddleston, Mwingereza aliyekuwa askofu wa Anglikana hapa kuanzia 1960 hadi 1968, aliishi na kisukari, na baadaye akahudumu Stepney na Morisi.

Basi kijana wa Masasi au Newala mwenye sukari, aliyepata chuo Uingereza au kazi Omani, ajue kwamba kujiandaa ni sehemu ya kuitikia mwito. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena. Kwa hiyo isafiri kwenye begi la mkononi, si kwenye mizigo ya chini ya ndege. Barua ya daktari itaje ugonjwa, kipimo na jina la kitaalamu la dawa, kwa kuwa jina la kiwandani huenda likawa jingine huko aendako. Anayetumia dawa kali za maumivu, kama tramadoli, aulize mapema kwenye ubalozi wa nchi aendako: Falme za Kiarabu, kwa mfano, huzidhibiti kwa sheria.

Wapo watakaosema Yesu aliwatuma wanafunzi bila mfuko wala mkoba (Luka 10:4). Ni kweli, lakini katika Luka 22:36 aliwaambia mwenye mfuko auchukue. Agizo la kwanza lilikuwa la safari ile. Wengine watasema kubeba dawa ni kutilia shaka uponyaji. Hoja hii ni nzito zaidi, maana Paulo aliponya kweli: kule Malta alimwekea mikono baba yake Publio, naye akapona (Matendo 28:8). Hata hivyo, katika aya ya 20 ya sura yetu, Paulo huyohuyo anaandika kwamba alimwacha Trofimo kule Mileto, akiwa mgonjwa. Hamlaumu kwa imani haba. Anataja tu alipo na hali yake.

Trofimo ndiye mgumu kwetu. Familia ikishauza korosho ili kulipa nauli, nani atapenda kusikia daktari wa hospitali ya Mkomaindo au Ndanda akisema sukari haijatulia, asubiri? Asubiri. Nasi tunaomwombea msafiri kanisani, tusimwage kabla ya kumuuliza dawa alizobeba zitamfikisha mwezi gani, na zikiisha atazipata wapi.