Kufuli ya Simu na Uaminifu wa Ndoa



Usiku tunafunga mlango wa nyumba kwa komeo, wala hakuna mke anayemlaumu mumewe kwa kumfungia mwizi nje. Lakini mume akibadilisha kufuli na kumnyima mkewe ufunguo, hilo ni jambo jingine kabisa. Ndivyo ilivyo kwa simu ya mkononi. Siku hizi wengi wetu tunapelekeana habari kwa WhatsApp, na swali linaloleta ugomvi nyumbani ni hili: je, kufunga simu ni dhambi?

La, si dhambi. Kuna kufunga kwa halali. Katika mipangilio, sehemu ya faragha, unaweza kuchagua nani aone picha yako, nani ajue ulionekana lini, na nani aweze kukuingiza katika kundi. Ni busara watu msiowajua wasione picha za watoto wenu.

Tena, tangu mwaka 2017 mtu anaweza kujiwekea nambari ya siri ya tarakimu sita. Matapeli hupiga simu wakikuomba uwasomee nambari iliyokuja kwa ujumbe mfupi. Ukiwasomea, nao hawana ile nambari yako ya siri, hawataweza kuingia. Wakiingia, wataandikia ndugu na wanajumuiya kwa jina lako wakiomba pesa. Basi jiwekeeni nambari hiyo pamoja na anwani ya barua pepe, kwa maana anayeisahau bila kuwa na barua pepe hulazimika kungoja siku saba. Akaunti ikiibwa, isajili upya kwa laini yako, na mwizi atatolewa. Kisha mwambie mwenzako mara moja, awaonye jamaa.

Lakini kuna kufunga kwa namna ya pili. Tangu mwaka 2023 mazungumzo na mtu mmoja yanaweza kufichwa kwa kufuli ya peke yake. Iulize dhamiri yako: namfungia nani? Ikiwa anayeweza kuishika simu hiyo ni mkeo tu, basi umemfungia yeye. Na anayefuta ujumbe kila jioni kabla ya kubisha hodi kwake, anajua kwa nini anaufuta.

Nawe unayeshuku, usigeuke mpelelezi. Kuchukua simu ya mwenzako akiwa amelala, ukaunganisha akaunti yake na kompyuta ili usome kisirisiri, ni kuibomoa nyumba unayodai kuilinda. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko alifundisha kwamba upendo huamini, wala haumfuati mwenzake kila hatua. Tena si kila siri ni yako. Shemeji aliyemweleza mkeo shida zake hakukueleza wewe. Ukiwa na wasiwasi, useme kwa kinywa chako, mkiwa wawili, bila matusi.

Anayempa mwenzake nambari ya siri na ampe kwa hiari, kama zawadi, si kama mshtakiwa anayejitetea.

Leo baada ya sala ya jioni, zungumzeni haya:

1. Je, simu zetu zimefungwa dhidi ya wezi?
2. Je, kuna mazungumzo ambayo ningeona haya mwenzangu akiyasoma?
3. Je, nimewahi kumpeleleza? Nimemwomba msamaha?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.